Kaya Sita za Mkalama: Idadi Ndogo na Uhalali wa Jaribio la Kai-Skwea

Utafiti wa kaya katika Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, huzaa jedwali lisilo na mizani. Wanyiramba na Wanyisanzu ni wengi, Wadatoga ni wachache, na Wahadzabe, ambao nchi nzima wanakadiriwa kuwa elfu moja na ushei, hupatikana wa kuhesabika. Mtafiti akiendesha jaribio la kai-skwea, programu humwonya kwamba baadhi ya visanduku vina idadi tarajiwa iliyo chini ya 5. Wengi hulinyamazisha onyo hilo kwa kuwaunganisha wachache katika kundi la "makabila mengine". Napinga mazoea hayo.

Onyo lenyewe lina msingi. Jaribio alilolibuni Karl Pearson mwaka 1900 hukadiria tu uwezekano, na makadirio yake huaminika pale idadi tarajiwa zinapokuwa kubwa kiasi. Mwaka 1954 William Cochran alipendekeza kusiwe na kisanduku chenye idadi tarajiwa chini ya 1, na visivyofika 5 visizidi asilimia 20. Kinachopimwa hapo ni idadi tarajiwa. Sifuri iliyoonekana uwandani haina kosa lolote, ingawa wanafunzi wengi huiogopa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kati ya kaya 200, sita ni za Wahadzabe. Kaya 80 zilitembelewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini hakuna hata moja ya Wahadzabe. Kwao, idadi tarajiwa ni 2.4 waliotembelewa na 3.6 wasiotembelewa. Tukiwalinganisha na wengine wote, kai-skwea bila masahihisho ni 4.12 na thamani ya p ni 0.042, hivyo mtafiti atatangaza kwamba tofauti ipo. Jaribio la Fisher, linalokokotoa uwezekano wa kila jedwali linaloweza kutokea majumla yakibaki yale yale, linatoa 0.083. Hitimisho limegeuka, na data ni ile ile.

Kuwaunganisha kungeondoa onyo, lakini kungebadili swali. Wadatoga ni wafugaji. Wahadzabe huishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali. Mhudumu wa afya hawafikii kwa njia moja, na wastani wao wa pamoja haumwelezi yeyote. Isitoshe, sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila Tanzania. Jedwali la mtafiti ni mojawapo ya mahali pachache ambapo Wahadzabe huonekana katika takwimu, nasi tunawafuta ilhali kompyuta ya kawaida hukamilisha jaribio la Fisher kwa sekunde chache!

Hata hivyo, Fisher haongezi ushahidi. Sifuri kati ya kaya sita maana yake, kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya 0 na asilimia 46. Kwa kaya nyingine ni asilimia 41. Jedwali lichapishwe na sifuri yake, pamoja na upana huo wa shaka. Tiba yenyewe huanza kabla ya kwenda uwandani: kuchukua kwa makusudi kaya nyingi zaidi katika vijiji wanakoishi Wahadzabe, kama Munguli, kisha kusawazisha kwa uzito wa sampuli wakati wa kukadiria hali ya wilaya nzima.