Saratani ya Damu Iliporudi kwa Mtoto wa Miezi 11

Mama akiambiwa saratani ya damu imemrudia mwanawe hata baada ya kupandikizwa uboho, watu huanza kunong'ona: basi tena. Leo tunawaletea kisa cha London, mwaka 2015.

Katika hospitali ya Great Ormond Street alilazwa binti wa miezi 11. Alishapewa dawa kali, akapandikizwa uboho, ugonjwa ukarudi. Wazazi wakaambiwa hakuna tena tiba ya kumponya. Profesa Waseem Qasim na wenzake walikuwa na seli za kinga za mtu mwingine, zilizorekebishwa maabara ziitambue saratani na zisiudhuru mwili wa mtoto. Zilikuwa zimejaribiwa kwa panya tu. Wazazi wakakubali. Mtoto akatiwa mililita 1. Baada ya wiki kadhaa saratani haikuonekana, akapandikizwa uboho mara ya pili ili apate damu nzima.

Tiba hii haimponyi kila mtoto, wala haipatikani kila mahali. Ila tusimkatishe tamaa mama mwenzetu. Tumsindikize kwa daktari, aulize kilichobaki. Allah awape shifaa watoto wetu. Amin.