Kutoka Jimmie Rodgers hadi Chemirocha: Swali la Uigaji Katika Historia ya Wimbo

Wanaoandika historia ya wimbo wa kisasa nchini Kenya aghalabu huanza na vitu vilivyoletwa: gramafoni, santuri, gita. Kwa mtazamo huo, nyimbo za Marekani zenye maudhui ya vijijini na ya wachunga ng'ombe zilikuwa kielelezo, nao waimbaji wetu walikuwa waigaji. Makala haya yanakusudia kuuhoji mtazamo huo kwa kuchunguza mfano mmoja kutoka nyanda za juu zilizo mashariki ya Homa Bay.

Jimmie Rodgers alifanya kazi ya reli huko Mississippi kabla ya kuanza kurekodi mwaka 1927. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Aliimba juu ya reli, uzururaji na maisha ya wachunga ng'ombe, akizipamba nyimbo zake kwa yodeli, yaani uimbaji wa kurusha sauti ghafla kutoka nzito hadi nyembamba. Santuri zake ziliendelea kusafiri baada ya kifo chake, zikawafikia hata Wakipsigis.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Waluo na za Wakipsigis. Huko Kapkatet, panapofikiwa kutoka Homa Bay kwa kupitia Oyugis, Kisii na Sotik, alirekodi nyimbo kadhaa zinazomtaja Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers. Mageuzi yake yana mantiki ya kiisimu: Kikalenjin hakitofautishi maana kwa mghuno wa konsonanti za aina hiyo, aidha, che- ni mwanzo uliozoeleka wa majina, hasa ya kike. Mgeni alipewa jina ambalo lugha ya wenyeji ingeweza kulibeba.

Rekodi iliyovuma zaidi ni ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake. Ndani yake hamna gita wala yodeli. Mna kinanda cha nyuzi, jamaa wa nyatiti, pamoja na sauti za wasichana. Kwa hiyo, Rodgers hakuchukuliwa kama kielelezo cha mtindo bali kama mhusika. Mwimbaji amegeuzwa kuwa mwimbwa.

Tracey alieleza kwamba Chemirocha ni nusu mtu, nusu mnyama mwenye miguu ya paa, na maelezo hayo yamerudiwa kwa miongo mingi kana kwamba ni itikadi ya kabila zima. Lakini ni Tracey huyo huyo anayetuambia kwamba wasichana wanamhimiza mgeni arukeruke katika ngoma hadi nguo zimvuke. Mhakiki wa fasihi simulizi hawezi kuyapita maneno hayo bila kusikia utani. Je, wasichana wale walikuwa wakisimulia imani, au walikuwa wakimcheka mwanamume ambaye sauti yake ilitoka katika sanduku? Mrekodi alipofanywa kuwa mfasiri wa pekee, kicheko kilisomwa kama ushirikina. Nakala za rekodi hizo zilirejeshwa kwa jamii hiyo katika miaka ya 2010, baada ya zaidi ya nusu karne, wakati wengi walioweza kusahihisha ufasiri huo walikuwa wamekwisha kufariki.

Hatukani kwamba uigaji ulikuwapo. Nyimbo za Jim Reeves (1923–1964) zilipendwa nchini na kuimbwa kama zilivyo. Hata hivyo, benga inatoa ushahidi ule ule wa Kapkatet kwa njia nyingine. Daniel Owino Misiani (1940–2006), mzaliwa wa Shirati, ng'ambo ya mpaka kusini ya Migori, alikuwa miongoni mwa waliolifanya gita la kigeni lidonolewe kwa namna ya nyatiti. Kule jina lilifuata lugha; huku ala ilifuata mkono uliokwisha kufunzwa.

Inafaa, basi, historia ya wimbo wetu ianze na msikilizaji. Santuri ilikuwa moja kotekote. Sikio ndilo lililotofautiana.