Mashine na Daftari katika Soko la Kariakoo

Mtaa wa Kariakoo ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliolitumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Habari za bidhaa na bei zake zimeandikwa na wengi. Zilizoandikwa kidogo ni habari za mashine: jinsi wenye maduka madogo, pamoja na mafundi wanaowatengenezea vyombo vyao, walivyozipokea au kuzikataa mashine za kuhesabia na za kupelekeana habari. Hudhaniwa mara nyingi kuwa mfanya biashara mdogo huogopa kitu kigeni. Ushahidi wa Kariakoo hauungi mkono dhana hiyo. Kila ilipoletwa mashine mpya, yeye aliuliza mambo mawili: gharama yake ni juu ya nani, na hesabu zake zasomwa na nani?

Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhesabu fedha za Serikali kwa mashine haikufanikiwa kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na televisheni ukapigwa marufuku. Amri hiyo ililegezwa kidogo kidogo, hata miaka ya 1990 ikawa haina nguvu tena. Katika muda wote huo kompyuta ilikuwa chombo cha ofisi kubwa chache, na mwenye duka aliendelea na daftari lake.

Simu ya mkononi ilikuja kwa njia nyingine, kwani haikuamriwa na mtu. Kwa kuwa kupiga simu kutoka kampuni moja hadi nyingine kuligharimu zaidi, watu walishika laini mbili au tatu, na simu za Kichina zenye nafasi ya laini mbili zikapata wanunuzi wengi. Fundi naye alikuwa na kipimo chake: simu njema ni ile ambayo kioo chake na betri yake hupatikana duka la pili. Kipimo hicho kilikuwa na hatari yake, maana mwezi wa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia, na hasara ikamwangukia aliyeinunua.

Mwezi wa Aprili 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa katika Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Mnunuzi wa mkoani akaweza kulipa bila kusafiri na fedha taslimu, na ada ilijulikana kabla. Ndipo likazuka neno "ya kutolea", yaani ile ada ambayo mtumaji huiongeza ili mpokeaji atoe fedha zake bila kupunguziwa. Katika maneno mawili hayo mna mapatano kamili ya biashara. Lakini tarehe 15 Julai 2021 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala. Watu wengi wakarudia fedha taslimu, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Simu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni jibu la swali la kwanza.

Mashine ya risiti, iitwayo EFD, ililetwa mwaka 2010 kwa waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani. Mwenye duka huinunua yeye, na habari zake huzipeleka Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2013, ilipotakiwa kwa wafanya biashara wengine pia, maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa kuipinga. Yalifungwa tena Mei 2023, safari hii kwa sababu ya wingi wa kodi na ukaguzi ulioitwa "kamatakamata", hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Haifai kusema kuwa Serikali haikuwa na hoja: nchi haiendeshwi bila kodi, na risiti humlinda mnunuzi pia. Ila yafaa kukumbuka kuwa mtu yule yule aliyeilalamikia mashine ya risiti alikuwa na simu mkononi, akipokea malipo kwayo.

Kwa wanafunzi wa lugha jambo hili lina faida. Maneno laini, wakala, ya kutolea na kamatakamata yalikomaa sokoni, na kila moja limebeba hukumu ya watu juu ya chombo au tendo fulani. Tarakilishi, ingawa limeundwa kwa ustadi kutokana na tarakimu, halijaliondoa kompyuta katika vinywa vya mafundi. Na daftari, neno la kale lililotufikia kwa Waarabu, lingali juu ya meza kando ya mashine ya risiti. Humo mwenye duka huandika madeni ya wateja wake, na asomaye hesabu hizo ni yeye peke yake.