Mahamri kwa mbaazi

Mahamri kwa mbaazi ni mlo wa asubuhi wa pwani ya Afrika Mashariki. Una vitu viwili: mahamri, yaani vipande vya unga wa ngano uliokandwa kwa tui la nazi na iliki, ukaumuliwa kwa hamira na kukaangwa, na mbaazi zilizopikwa kwa nazi, ambazo wengine huziita barazi. Siku za kazi watu wengi huununua mlo huu. Jumamosi na Jumapili ndipo nyumba nyingi za Mombasa, Malindi, Lamu na Zanzibar hupika zenyewe na kula kwa nafasi, hata saa nne au saa tano. Mapishi yake huanza usiku wa kuamkia siku hiyo, na raha ya asubuhi hutokana na kazi ya usiku huo.

Asili ya viungo

Mbaazi (Cajanus cajan) zina asili ya Bara Hindi, na zimelimwa Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Kenya hulimwa zaidi Machakos, Makueni na Kitui. Tanzania hulimwa sana Lindi, Mtwara na Babati. Mizizi yake huzama chini, ndiyo maana zao hili huvumilia ukame ambao mahindi hayauwezi. Nazi hutoka Kilifi, Kwale, Tanga, Mafia, Unguja na Pemba. Iliki hulimwa katika milima ya Usambara Mashariki. Ngano haistawi katika joto la pwani, kwa hiyo unga wake hutoka bara au ng'ambo. Sahani moja hukutanisha jasho la mkulima wa nchi kavu, la mkwezi wa minazi na la wapagazi wa bandarini.

Maandalizi

Mbaazi kavu huchaguliwa mawe, huoshwa na kulowekwa usiku kucha ili zisichukue muda mrefu jikoni. Asubuhi huchemshwa hadi ziive bila kupondeka. Kisha hutiwa tui jepesi, kitunguu, pilipili mbichi, chumvi na, kwa wapendao, manjano kidogo. Tui zito huja mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukipita polepole, kwa sababu likichemka kwa nguvu hukatika na mafuta yakajitenga.

Unga wa mahamri nao hukandwa usiku. Kwa nusu kilo ya unga hutiwa sukari kiasi, iliki iliyotwangwa, kijiko kidogo cha hamira na tui vuguvugu la kikombe kimoja na kidogo. Tui la moto mno huua hamira. Mpishi hukanda mpaka donge liwe laini na liache kushika mikono, kisha hulifunika. Hamira hula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo hulifurisha donge; usiku wa baridi kazi hiyo huchelewa.

Alfajiri donge hugawanywa, kila kipande husukumwa kuwa duara na kukatwa sehemu nne zenye pembe tatu. Vipande hivyo hupumzishwa tena kidogo, kisha hutumbukizwa katika karai la mafuta mengi yenye joto la nyuzi 180 hivi za Selsiasi. Maji yaliyo ndani ya unga hugeuka mvuke, na mvuke huo huuachanisha upande wa juu na wa chini. Ndiyo sababu hamri lililofanikiwa huwa na uwazi ndani. Mpishi hulisaidia kwa kulimwagia mafuta ya moto juu kwa upawa. Mafuta yakiwa hayajapata moto, hamri huyanywa kabla ya kufura. Yakizidi moto, ngozi huungua na ndani hubaki mbichi.

Mezani

Hamri hupasuliwa na kujazwa mbaazi katika uwazi wake, au hukatwa vipande vya kuchovya. Kinywaji chake ni chai: ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, iliki au mdalasini, au ya rangi. Watoto wengi wa Kiislamu huenda madrasa asubuhi za mwisho wa juma, kwa hiyo nyumba nyingine huwalisha mapema na nyingine huwangoja warudi. Familia za Kikristo nyingi hula baada ya ibada.

Siku za kazi mambo ni tofauti. Mtoto hutumwa na bakuli kwa mama anayekaanga mlangoni pake, na kila mtu hula akiwa na haraka ya kutoka. Mwezi wa Ramadhani mlo huu huhamia magharibi, ukawa sehemu ya futari.

Milo inayofanana nao

Zanzibar asubuhi ya mapumziko huweza pia kuwa ya vitumbua au mkate wa ufuta. Dar es Salaam na miji ya bara, wengi hupenda supu ya ng'ombe au ya mbuzi kwa chapati, na Wachaga wana mtori wa ndizi na nyama. Familia zilizohamia Oman kutoka Zanzibar, hasa baada ya Mapinduzi ya 1964, zilikwenda na mapishi yao, na maandazi hupikwa huko hadi leo.

Lishe

Takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa mbaazi kavu ni protini. Protini ya ngano ina upungufu wa lisini, ambayo mbaazi zinayo kwa wingi, hivyo vyakula hivi viwili hukamilishana. Hata hivyo, mafuta, sukari na nazi huufanya mlo kuwa mzito. Anayejihadhari na sukari hufanya vyema kuongeza mbaazi na kupunguza mahamri.

Hali ya sasa

Tui la kopo na mbaazi zilizochemshwa na kugandishwa zimeirahisisha kazi, hasa kwa Waswahili walio mbali na minazi. Bei ya mbaazi nayo hutegemea soko la nje: Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na wakulima wa kusini mwa Tanzania waliumizwa na kushuka kwa bei.

Kazi ya usiku bado huwaangukia zaidi wanawake, ambao siku nyingine zote pia huwahi kuamka. Mapishi haya hugawanyika kwa urahisi: mmoja huchagua mbaazi, mwingine hukuna nazi, wa tatu husukuma, na mtoto huhesabu vipande. Nyumba inayogawana kazi hizo humpa na mpishi nafasi ya kukaa, akala mahamri yakiwa bado ya moto pamoja na wenzake.