Madogoli ya Uluguru na mawimbi ya ubongo

Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alinasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuyatangaza 1929. Wakati huo Uluguru, milimani Morogoro, Tanzania, tayari ilikuwa na wataalamu wa kuihamisha akili ya mtu kwa sauti. Madogoli, ngoma ya uganga inayojulikana kwa Waluguru na majirani zao Wazaramo, ilipigwa usiku kwa ajili ya mgonjwa aliyeaminika kushikwa na pepo. Ngoma, manyanga na nyimbo za kuitikia viliendelea mpaka pepo apande na kusema anachotaka. Leo kijana wa Morogoro mjini anaweza kupakua kwenye simu sauti zinazodaiwa kuleta usingizi au utulivu, na wapo wanaozinadi kana kwamba ndani yake imo siri ya ngoma za Afrika, sasa imepata sayansi. Madai hayo yanaipunja ngoma, na sayansi pia.

Tukiri kwanza kilicho kweli. Katika karne ya 19 Mjerumani Heinrich Wilhelm Dove aligundua kwamba sikio moja likisikilizishwa sauti ya mitetemo 400 kwa sekunde na la pili 410, mtu husikia mdundo wa mara 10 kwa sekunde ambao haumo katika sauti yoyote kati ya hizo mbili. Ubongo ndio unaoutengeneza. Mtafiti Gerald Oster alilifufua jambo hilo mwaka 1973. Kasi ya 10 kwa sekunde ni ya mawimbi ya alfa, yanayoonekana mtu akiwa ametulia na kufumba macho, na hapo ndipo wauzaji wa sauti za simu walipopata mlango. Kwa upande wa ngoma, Mmarekani Andrew Neher aliwapigia mdundo watu wachache maabara huku wamebandikwa vipimo kichwani. Alichapisha mwaka 1961 kuwa mawimbi yao yaliufuata mdundo. Mwaka uliofuata akaenda mbali zaidi: hiyo, alisema, ndiyo sababu ya watu kupagawa kwenye sherehe za ngoma.

Hoja hiyo inavutia, lakini historia ya Morogoro yenyewe inaipinga. Huu ulikuwa mji wa dansi, mji wa bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah na wa Morogoro Jazz iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe. Watu walicheza midundo ya kurudiarudia saa nyingi, wakarudi makwao na akili zao. Mfaransa Gilbert Rouget alimjibu Neher kwa hoja ya namna hiyo katika kitabu chake cha 1980: kama mdundo peke yake ungetosha, nusu ya Afrika ingekuwa imepagawa mwaka mzima. Kwenye uganga wa ngoma, pepo huwa na pigo na nyimbo zake, mgonjwa ameandaliwa kuvitambua, na ndugu waliomleta wanaitikia. Jirani aliyekuja kutazama tu husikia ngoma ile ile na hapandwi na chochote.

Watasema basi yote ni imani na maigizo. Sikubali. Ubongo kweli huufuata mdundo, na usiku mzima wa ngoma na kucheza hubadili pumzi, misuli na usikivu. Aliyefundwa ndiye anayejua la kufanya na mabadiliko hayo. Na kufundwa si kwa uganga peke yake. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walioanzisha misheni Morogoro mwaka 1882 walizitilia shaka ngoma nyingi za wenyeji, ilhali wao wenyewe walikuja na kengele, nyimbo na ratiba ya sala. Peter Pels, aliyefanya utafiti Uluguru, aliandika mwaka 1996 kuwa Ukristo wa Waluguru unaeleweka ukitazamwa kama ngoma, yaani mwendo mpya wa maisha unaoingiwa kwa kufundwa. Hilo ndilo maabara ya Neher ilikosa kulipima.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na vipimo vya mawimbi ya ubongo siku hizi vinabebeka. Watafiti wetu wavipeleke Mgeta na Matombo, huko Uluguru, kwa ridhaa ya wenye ngoma, wampime mgonjwa akiwa katikati ya ndugu zake. Nawe unayenunua sauti za simu, zikikupa usingizi ni vizuri, ila mwenye kifafa au ugonjwa wa akili asiache dawa za hospitali kwa ajili ya sauti hizo.