Kombe: Sumu ya Mishale ya Nyasa na Neva za Moyo

Historia ya tiba ya moyo husimuliwa kana kwamba yote ilianzia Ulaya. Sura yake moja ilitoka kwenye podo la mwindaji wa ukanda wa Ziwa Nyasa, kabla ufuko wa mashariki, wa Mbamba Bay na Liuli, haujawa wa Wajerumani, wala ng'ambo haijawa ya Waingereza.

Msafara wa David Livingstone ulilifikia ziwa Septemba 1859. Mwaka 1861 walipanda kwa mashua wakiambaa ufuko wa magharibi. Upande wetu wa mashariki, ambako nchi inainuka kuelekea Umatengo, hawakuugusa safari hiyo. Kusini, katika bonde la Shire, Wamang'anja waliwinda kwa mishale yenye sumu iitwayo kombe, itokanayo na mbegu za mmea unaotambaa, Strophanthus kombe, ambao huota Tanzania pia. Mshale ulikuwa wa vipande viwili: mnyama akipigwa, uti huanguka, chembe kikabaki mwilini.

John Kirk, tabibu wa msafara na baadaye mwakilishi wa Uingereza Unguja, aliijua nguvu yake kwa ajali. Mswaki wake ulikuwa umekaa mfukoni penye mabaki ya sumu. Aliposugua meno alihisi uchungu, akadhani ni kwinini, kwa kuwa mpini wa mswaki huo ndio aliochotea dawa. Mapigo ya moyo wake, yaliyokuwa juu kwa sababu ya mafua, yakashuka. Vitabu humsifu yeye. Wawindaji waliomtangulia hawatajwi hata kwa jina.

Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, na mwaka 1885 akaipendekeza kwa madaktari. Yeye alishikilia kwamba inafanya kazi kwenye msuli wa moyo wenyewe. Ilikuwa nusu ya habari; nusu nyingine imo kwenye neva. Tangu 1845 ndugu Weber wa Leipzig walikuwa wameonyesha kwamba neva ya vagasi ikichochewa, moyo hupunguza mwendo.

Kwenye mishipa mikubwa ya shingo mna vihisi vinavyopima shinikizo la damu na kupeleka habari kwenye shina la ubongo. Moyo ukishindwa kusukuma vizuri, ubongo huchukulia kama mwili unavuja damu: huzidisha kazi ya neva za simpathetiki, zinazoharakisha moyo, mishipa hubana, figo hushikilia chumvi na maji. Miguu huvimba, pumzi hukatika, na moyo uliokwisha kuchoka unachapwa mjeledi ukimbie. Kombe kwa kipimo kidogo hukaza msuli, na papo hapo huamsha vagasi. Kipimo kikizidi, mapigo huvurugika hadi moyo usimame, na hilo ndilo alilotaka mwindaji.

Kwa kuwa tumbo huifyonza kwa shida strofanthini, dawa itokanayo na kombe, daktari Albert Fraenkel mwaka 1906 aliichoma sindano ya mshipa huko Strasbourg, wakati huo mji wa Ujerumani. Liuli nayo ilikuwa ya Ujerumani, ikiitwa Sphinxhafen. Baada ya Liuli kuwatoka mikononi katika Vita Kuu ya Kwanza, madaktari wa Kijerumani waliendelea kuing'ang'ania strofanthini kwa miongo mingi, hata wenzao wa nchi nyingine walipokwisha kuhamia dawa nyingine ya moyo, digoksini.