Usingizi nao una historia yake

Wadau, tukisimulia historia ya ARV huwa tunataja bei na idadi ya waliopona kifo. Mimi leo nataka tuzungumzie usingizi.

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha Efavirenz. Ilifubaza virusi vizuri, lakini wengi walioimeza walilalamikia kizunguzungu, kukosa usingizi na ndoto za ajabu. Wakashauriwa waimeze usiku, wakati wa kulala. Mamilioni ya Waafrika waliishi nayo hivyo kwa miaka.

Ukaja utafiti wa ENCORE1, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates: watu 630, nchi 13, miligramu 400 dhidi ya 600. Matokeo yakachapishwa 2014. Dozi ndogo ilifanya kazi ile ile, na waliopata madhara ya dawa walikuwa 37 katika kila 100, badala ya 47. Ila hoja kubwa iliyofungua pochi ilikuwa kushusha gharama, si usingizi wa mgonjwa.

Mwaka 2019 WHO ikaipa dolutegravir nafasi ya kwanza. Nayo huwakosesha baadhi usingizi.

Nionavyo mimi, mfadhili huhesabu walio hai. Anayekesha kila usiku yu hai pia, lakini amechoka, na aliyechoka ni rahisi kuacha dawa. Huyo nani atalipia ahesabiwe?